Mpokeaji atanakili: msimbo ndani ya barua pepe

Chukua mistari kumi ya Python kutoka kwenye kihariri chako, ibandike kwenye barua pepe, tuma. Inafika ikisomeka vizuri tu. Mpokeaji anainakili kutoka kwenye programu yake ya barua, anaiweka kwenye faili, anaendesha, na Python inamrudishia `SyntaxError: invalid non-printable character U+00A0`. Anaukodolea macho mstari uliotajwa na haoni kasoro, kwa sababu kasoro yenyewe haionekani: ni nafasi. Kisanduku cha kuandikia barua kimezitoa nafasi za kawaida za mwanzo wa mstari na kuweka nafasi zisizovunjika (ndiyo hiyo U+00A0). Kwa jicho ni zile zile. Kwa Python ni herufi nyingine kabisa.

Viendelezi vya kivinjari vya kupamba msimbo kwenye barua pepe hujinadi kwa sura: rangi, mandhari thelathini, visanduku vyenye kona za mviringo. Rangi zina faida yake, sikatai. Macho huiona haraka kamba ya maandishi ambayo haikufungwa. Lakini msimbo uliotumwa kwa barua hautundikwi ukutani. Mtu ataunakili. Kwa hiyo kiendelezi nakipima kwa swali moja tu: herufi zinazotoka upande wa pili ni zile zile zilizoingia?

(Nasema msimbo. Wengi husema kodi, na tunaelewana, ila ukimwandikia mtu "nimekutumia kodi" mwisho wa mwezi usishangae akienda kuangalia salio.)

Mahali barua inapoharibu

Barua pepe yenye rangi hubeba nakala mbili za ujumbe ule ule: moja ya maandishi matupu, nyingine ya HTML, zimefungwa pamoja kwa MIME, kanuni za kupanga sehemu za barua pepe zilizoko tangu miaka ya 1990. Programu ya mpokeaji ndiyo inayochagua ipi ionyeshwe. Msimbo wako basi unapita kwenye kisanduku cha kuandikia, kisha kwenye mashine inayotengeneza nakala hizo mbili, kisha kwenye programu ya mpokeaji ambayo huchuja HTML kwa sababu za usalama, na mwisho kwenye ubao wa kunakili. Kila kituo kina tabia yake.

Kisanduku cha kuandikia ndicho mkosaji wa kwanza. HTML hukunja nafasi nyingi zinazofuatana zikawa moja, hivyo kisanduku, kikijaribu kukusaidia, hugeuza baadhi yake kuwa nafasi zisizovunjika ili zisipotee. Vivinjari vingine huzirudisha kuwa za kawaida wakati wa kunakili, programu nyingine hazizigusi. Ndiyo maana barua ile ile humfanyia kazi mwenzako mmoja na kumkatalia mwingine. Dawa yake ni lebo ya `<pre>`: ndani yake nafasi za kawaida hubaki jinsi zilivyo, hakuna haja ya kuzigeuza. Kiendelezi kinachojenga upya nafasi za mwanzo wa mstari kwa `&nbsp;` kinaonekana sawasawa na kile kinachotumia `<pre>`, na ni kibaya.

Zinafuata nukuu. Outlook ya mezani na kibodi za simu hupenda nukuu zilizopinda, zile zinazopendeza kwenye kadi ya mwaliko. JSON, muundo wa kubadilishana data kati ya programu, inakubali aina moja tu ya nukuu: `"`, iliyonyooka. Ukiipa iliyopinda, ombi lote linakataliwa. Hali ni hiyo hiyo kwa vistari viwili. `git commit --amend` ikigeuzwa vistari vyake viwili kuwa kistari kirefu kimoja, Git haitambui tena kwamba hilo ni chaguo.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada hapa: ng'. Alama iliyo kwenye ng'ombe, ikiwa imenyooka, ni U+0027 na inachukua baiti moja. Ikipinda inakuwa U+2019 na kuchukua baiti tatu katika UTF-8. Msimbo hautavunjika, na hilo ndilo baya. Hoja ya SQL kwenye MySQL inayotafuta `"ng'ombe"` itakubaliwa, itaendeshwa, na kurudisha safu sifuri, kwa sababu kwenye hifadhidata neno limehifadhiwa kwa alama ya aina nyingine. Mtu anaweza kumaliza siku nzima akikagua ruhusa na faharasa.

Kuna viungo vya kujitengenezea pia. Programu za barua hugeuza chochote kinachofanana na anwani ya tovuti kuwa kiungo, na majina ya faili yanafanana nazo kuliko unavyodhani: `.py` ni kikoa cha Paraguay, `.rs` cha Serbia, `.sh` cha Saint Helena, `.md` cha Moldova, `.pl` cha Poland, na `.so`, kiishio cha maktaba za Linux, ni cha majirani zetu Somalia. Andika `config.py` na huenda ikafika ikiwa ya buluu na imepigiwa mstari. Kwa kunakili haidhuru sana. Kinachodhuru ni tiba inayotumiwa na baadhi ya viendelezi, ya kuchomeka herufi isiyo na upana kabla ya nukta ili kuidanganya programu ya barua. Hapo umeondoa rangi ya buluu na kuweka jina la faili lisilokuwepo. Njia salama zaidi ni kuikata kwa lebo, `config<span>.py</span>`, ambayo mara nyingi hutosha na haiongezi herufi yoyote kwenye kinachonakiliwa.

Moja la mwisho, dogo, ila waandishi wa SQL na Lua walijue. Mstari wenye vistari viwili na nafasi moja peke yake, `-- `, kwa desturi ya zamani ya barua pepe maana yake ni "chini ya hapa ni sahihi". Baadhi ya programu, Thunderbird ikiwamo, huondoa kila kitu kilicho chini yake mtu anapojibu. Maoni matupu katikati ya hati ya SQL yanaweza kukata nusu ya hati kwenye jibu.

Markdown Here, hatua kwa hatua

Kwa anayetumia Gmail kwenye kivinjari, kiendelezi ninachokipendekeza kwanza ni Markdown Here cha Adam Pritchard. Ni cha bure, msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya MIT, na hakina kitufe cha "ingiza msimbo". Unaandika barua nzima kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za muundo, kisha unaigeuza.

Kabla ya yote, kwenye dirisha la kuandikia fungua menyu ya nukta tatu uhakikishe hali ya maandishi matupu imezimwa. Ikiwa imewashwa hakuna kitakachogeuka. Kwenye mipangilio ya jumla ya Gmail zima usahihishaji wa kiotomatiki wa tahajia, usije ukakuta jina la kigezo limesahihishwa kuwa neno la Kiingereza. Andika maelezo yako kama kawaida. Mahali pa msimbo, weka mstari wenye alama tatu za `` ` `` (ile iliyo chini ya kitufe cha Esc kwenye kibodi nyingi) zikifuatwa na jina la lugha, mfano `python`, `json`, `sql` au `bash`. Bandika msimbo chini yake kwa Ctrl+Shift+V, si Ctrl+V. Funga kwa mstari mwingine wenye alama tatu. Kisha bonyeza Ctrl+Alt+M, ambao ndio mkato wa mwanzo na unaweza kuubadilisha kwenye mipangilio, au bofya kulia uchague kwenye menyu. Ukikuta kosa, bonyeza tena: barua inarudi kuwa Markdown, unarekebisha, unageuza upya, unatuma.

Kuhusu Ctrl+Shift+V: VS Code huweka kwenye ubao wa kunakili msimbo pamoja na rangi zake. Ukibandika kwa Ctrl+V unaleta fonti, rangi za maandishi na hata mandharinyuma meusi ya kihariri chako, kisha kiendelezi kinajaribu kupaka rangi juu ya rangi. Matokeo ni vipande vyeusi ndani ya kisanduku cha kijivu. Kwa Ctrl+Shift+V yanakuja maandishi peke yake.

Jina la lugha lisiachwe. Rangi hupakwa na maktaba ya highlight.js, na bila jina Markdown Here haiiiti: msimbo unafika bila rangi yoyote.

Nje ya vizuizi vya msimbo, Markdown inabaki kuwa Markdown, na wengi hujikwaa hapo. Ukiandika `__init__` katikati ya sentensi bila kuizungushia alama ya `` ` `` moja kila upande, itafika ikiwa init yenye herufi nzito, vistari vya chini vimemezwa. Ukiandika `List<String>` hivyo hivyo, sehemu ya `<String>` itachukuliwa kuwa lebo ya HTML na kutoweka. Kanuni ni nyepesi: kila jina la kigezo, faili au amri, hata likiwa neno moja, lizungushie alama hiyo.

Unaweza kuchagua sehemu ya barua na kugeuza hiyo tu, jambo linalofaa kama sahihi yako ina nyota au vistari. Unapojibu, maneno ya mwenzako yaliyonukuliwa chini hayaguswi. Kwa Gmail kuna pia chaguo la kukukumbusha ukibonyeza kutuma kabla ya kugeuza. Liwashe, barua iliyojaa alama ghafi za Markdown inasomeka, lakini haifurahishi.

Sasa jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui. Ili uweze kurudisha Markdown yako, kiendelezi huficha nakala yake nzima ndani ya barua, kwenye kisanduku kisicho na urefu wala upana, ndani ya sifa ya `title` inayoanza na `MDH:` na kufuatwa na base64, njia ya kuandika data kwa herufi za kawaida ambayo yeyote anaweza kuifumbua. Nakala hiyo inasafiri na barua. Ukigeuza, kisha ukakumbuka kulikuwa na nenosiri kwenye mstari wa nne, ukalifuta kwenye barua iliyokwisha kugeuzwa na kutuma, nenosiri bado limo: mpokeaji akifungua chanzo cha ujumbe na kufumbua base64, analo. Marekebisho ya namna hiyo yafanywe kwa kurudi kwenye Markdown kwanza. Isitoshe, marekebisho unayoyafanya juu ya barua iliyogeuzwa hupotea ukiirudisha.

Outlook ya mezani

Tangu toleo la 2007, Outlook ya mezani kwa Windows huchora barua kwa injini ya Word. Ndiyo, ile ile ya kuandikia barua za likizo. Kona za mviringo haizijui, `overflow` haiijui, `max-width` haiijui, na nafasi ya ndani uliyoiweka kwenye `<div>` huipuuza, hivyo msimbo unagandana na ukingo wa kisanduku. Outlook mpya na ile ya kwenye wavuti hazina shida hii, lakini maofisini ile ya zamani ipo, na mara nyingi mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha badiliko lako ndiye anayeitumia.

Injini ya Word inaelewa majedwali. Kwa hiyo kiendelezi kilichojengwa na mtu anayejua kazi hufunga msimbo kwenye jedwali lenye seli moja, namna hii:

```
<table cellpadding="12" cellspacing="0" border="0"><tr>
<td bgcolor="#f6f8fa">
<pre style="margin:0;white-space:pre-wrap;
font-family:Consolas,Menlo,'Courier New',monospace;
font-size:13px;color:#24292e">...</pre>
</td></tr></table>
```

Rangi ya nyuma imewekwa kwa `bgcolor` na nafasi ya ndani kwa `cellpadding`, vitu vya HTML ya kizamani ambavyo Word haibishani navyo. Jina la fonti lenye maneno mawili limewekwa kwenye nukuu moja, kwa sababu nukuu mbili zingefunga sifa ya `style` kabla ya wakati na kila kitu kinachofuata kingepotea. Hitilafu hiyo ni ya kawaida kwa anayeandika kiendelezi chake mwenyewe: kwake inaonekana vizuri maana kivinjari kimeangukia kwenye fonti nyingine, kwa mpokeaji msimbo unafika kwa fonti ya gazeti.

Mitindo yote iwe ndani ya sifa ya `style` ya kila lebo. Gmail ilianza kuiheshimu lebo ya `<style>` mwaka 2016, lakini ukivuka kikomo chake cha ukubwa huitupa, na programu ya Gmail kwenye simu huipuuza ikiwa akaunti iliyounganishwa si ya Gmail. Rangi zinazotegemea majina ya madaraja (`class`) hazina pa kushika hapo.

Gharama ya kuweka mitindo ndani ya lebo ni uzito. Neno `def` lina herufi tatu. Likipakwa kijani na kunenepeshwa linakuwa `<span style="color:#008000;font-weight:bold">def</span>`, herufi 55. Mstari wa kawaida una vipande saba au vinane vya kupaka, yaani kama baiti 400. Mistari 200 inafika KB 80 kabla hujasema hata salamu. Gmail hukata kuonyesha ujumbe unaozidi KB 102 na kuweka kiungo cha kuuona wote, ambacho hakuna anayekibofya. Na usisahau majibu: kila anayejibu anabeba msimbo wako kwenye nukuu ya chini, kwa hiyo barua iliyokuwa karibu na kikomo huweza kukatwa kwenye majibu. Mtengenezaji mwenye busara hupaka rangi nne au tano tu (maneno ya lugha, kamba, namba, maoni, majina ya kazi), huacha alama za mabano bila lebo, na hatumii herufi nzito. Herufi nzito zina ubaya mwingine: zikiwekwa kwa `<b>`, Gmail inapotengeneza nakala ya maandishi matupu huzizungushia nyota, na anayesoma kwa maandishi matupu anaona `*return*` ambapo wewe uliandika `return`.

Kwenye simu

Fonti ya upana sawa ya pikseli 13 hutumia karibu pikseli 7.8 kwa kila herufi. Skrini ya simu ya pikseli 360, ukitoa kingo, inabakiza kama 320. Hizo ni herufi 41. Mstari wa herufi 80 unahitaji pikseli 624. Kuna njia mbili: kuacha mstari uende na msomaji asukume pembeni, au kuukunja. Nachagua kukunja kwa `white-space:pre-wrap`, kwa sababu mkunjo wake ni wa macho tu: ukinakili, mstari unatoka ukiwa mmoja. Kiendelezi kinachokunja kwa kuchomeka `<br>` kila baada ya herufi 80 kinakuvunjia msimbo, na kwa Python au YAML hilo ni kosa la maana, si la sura.

Namba za mistari zinaombwa sana, nami nazikataa. Msomaji akiburuta kidole kunakili, namba zinakuja nazo, na kanuni ya `user-select:none` inayozizuia kwenye tovuti haitegemeki kwenye barua. Ukitaka kumwelekeza mtu kwenye mstari fulani, weka maoni hapo: `# hapa ndipo inapokwama`.

Kuhusu mandhari meusi, tumia mandharinyuma mepesi daima. Programu za simu hugeuza rangi za barua kwa fomula zao wenyewe, na kisanduku chepesi chenye maandishi meusi hugeuzwa vizuri, kwa kuwa ndicho walichokijaribia. Kisanduku cheusi ulichokiweka mwenyewe huweza kubaki cheusi huku maandishi yake yakifanywa meusi pia.

Bila kiendelezi

Kama ofisi yenu hairuhusu kusakinisha viendelezi, Pygments, programu ya Python ya kupaka msimbo rangi, inafanya kazi ile ile kwenye kompyuta yako:

```
pip install Pygments
pygmentize -f html -O noclasses=True,style=friendly -o toka.html hati.py
```

Chaguo la `noclasses=True` ndilo linaloweka rangi ndani ya kila lebo. Fungua `toka.html` kwenye kivinjari, chagua yote, nakili, bandika kwenye barua. Njia fupi zaidi ni ile tabia ya VS Code niliyoilaumu hapo juu: badilisha kwanza mandhari kuwa mepesi, nakili, kisha safari hii tumia Ctrl+V. Rangi zitakuja zenyewe. Ukishabandika, mshale mara nyingi hubaki ndani ya kisanduku na salamu zako za mwisho zinatoka kwa fonti ya msimbo. Acha mstari mtupu chini kabla ya kubandika, au chagua maneno hayo ubonyeze Ctrl+\ kuondoa mtindo.

Vyovyote utakavyofanya, jaribu mara moja kabla ya kuwatumia watu arobaini. Jitumie barua, inakili kutoka kwenye kikasha uiweke kwenye `imefika.py`, kisha:

```
diff hati.py imefika.py
grep -nP '[^\x00-\x7F]' imefika.py
```

Amri ya kwanza huonyesha tofauti kati ya faili hizo mbili. Ya pili huonyesha kila mstari wenye herufi iliyo nje ya ASCII, seti ya herufi za msingi za Kiingereza: nukuu zilizopinda, vistari virefu, nafasi zisizovunjika. Kiswahili chote huandikika kwa ASCII, hivyo hata maoni yako hayatajitokeza isipokuwa pale ng' ilipopinda. (Chaguo la `-P` ni la grep ya GNU, iliyokuja na Mac hailijui.) Kwa mpokeaji aliyekwisha kupokea msimbo wenye nafasi mbaya, `LC_ALL=C sed -i 's/\xc2\xa0/ /g' imefika.py` kwenye Linux inazirudisha.

Pasipofaa

Kuna mahali ambapo rangi hazikaribishwi. Orodha za barua za kiini cha Linux hukataa HTML. Kiraka, yaani faili yenye mabadiliko ya msimbo tu, hutumwa kama maandishi matupu, kwa `git send-email`. Nyaraka za mradi huo zinasema wazi kwamba Gmail ya kwenye kivinjari haifai kwa kutuma viraka, kwa kuwa hugeuza tabo kuwa nafasi na kukata mistari kwenye herufi 78. Hakuna kiendelezi cha kupamba kitakachotatua hilo. Kwa kweli kitaliongezea.

Msimbo ukizidi mistari arobaini hivi, ambatisha faili. Tahadhari: Gmail inazuia viambatisho vya `.js` tangu Februari 2017, hata vikiwa ndani ya zip. Badili kiishio kuwa `.txt` na umwambie mpokeaji arudishe.

Kabla ya kusakinisha kiendelezi chochote cha aina hii, soma ruhusa kinazoomba. Kinahitaji kusoma na kubadilisha ukurasa wa barua zako, hakuna namna nyingine, lakini `mail.google.com` na anwani za Outlook zinatosha. Kinachotaka tovuti zote, kibane: kwenye ukurasa wa viendelezi wa Chrome unaweza kukiwekea kufanya kazi kwenye tovuti ulizozitaja tu, au pale unapokibofya. Kisha fungua zana za msanidi kwa F12, kichupo cha mtandao, uingize kipande cha msimbo. Kupaka rangi ni kazi inayoweza kufanyika yote ndani ya kivinjari chako. Ukiona ombi linakwenda kwenye seva ya watu likiwa na msimbo wako ndani, kiondoe. Kama kiendelezi chako cha zamani kimetoweka chenyewe, huenda kilikuwa cha Manifest V2, kanuni za zamani za viendelezi ambazo Chrome ilianza kuzizima mwaka 2024. Tafuta toleo jipya la mtengenezaji yule yule, si kinachofanana naye jina.

Mwisho, kuna siri. Mfano wa hapa kwetu ni ombi la STK Push (linalomletea mteja dirisha la kulipia kwenye simu yake) la Daraja, lango la M-Pesa la Safaricom. Mtu anakwama, ananakili JSON yote kwenye barua ya kuomba msaada, anafuta tokeni iliyo kwenye kichwa cha `Authorization` na kuona ameshajilinda. Tokeni hiyo ingekufa yenyewe ndani ya saa moja. Sehemu ya `Password` aliyoiacha ndiyo yenye shida, maana ni namba ya biashara, ufunguo wa siri na `Timestamp` vilivyounganishwa na kuandikwa kwa base64, na base64 si usimbaji fiche. Aliyeipokea barua anahitaji `base64 -d` tu. Namba ya biashara na muda viko wazi kwenye JSON ile ile, anavitoa mbele na nyuma, kinachobaki katikati ni ufunguo. Weka `"Password": "IMEFICHWA"` kwenye Markdown yenyewe, kabla hujabonyeza Ctrl+Alt+M.